Kurekebisha Uwiano wa Picha Unapochoma Video ya Nyumbani Kwenye DVD

Wanaotengeneza diski za kwanjula (sherehe ya Uganda ya utambulisho wa uchumba), harusi na ubatizo hupokea malalamiko ya namna mbili kuliko mengine yote: ama watu kwenye runinga wametanuka, ama wamebanwa wakawa wembamba na warefu kupita kiasi. Gomesi, vazi la kitamaduni la wanawake, hufichua kosa hili upesi kuliko vazi jingine lolote, kwa kuwa ncha zake za mabega zina umbo ambalo kila mtu Uganda analijua kwa macho. Picha ikitanuliwa, ncha hizo hulala. Picha ikibanwa, husimama karibu na masikio. Mwenye diski huenda asijue kosa linaitwaje, lakini atajua kwamba huyo siye shangazi yake anayemfahamu.

Ili kulirekebisha, ni lazima kwanza kuelewa jambo moja kuhusu DVD ya video. Diski inayofuata mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumiwa na televisheni ya Uganda, kwa kawaida huhifadhi kila fremu katika gridi ya pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo, fremu 25 kwa kila sekunde, iwe picha ilipigwa kwa uwiano (upana kwa kimo) wa 4:3 wa zamani au wa 16:9 wa sasa. Ukigawanya 720 kwa 576 unapata 1.25, ilhali 4:3 ni 1.33 na 16:9 ni 1.78. Maana yake ni kwamba hakuna picha inayokaa ndani ya diski kwa umbo lake halisi. Kila picha hubanwa ili iingie katika gridi hiyo, kisha alama inayoandikwa ndani ya diski huiambia deki, yaani mashine ya kuchezea DVD, iitanue kiasi gani wakati wa kuionyesha: kwa alama ya 4:3 kila pikseli huonyeshwa ikiwa na upana wa mara 1.07 ya kimo chake, na kwa alama ya 16:9 mara 1.42.

Kwa hiyo kosa linaweza kuwa mahali patatu. Picha yenyewe inaweza kuwa imeingizwa kwenye gridi kwa umbo lisilo sahihi. Alama inaweza kusema uongo kuhusu picha iliyo sahihi. Au diski yote inaweza kuwa salama, na deki au runinga ndiyo inayopotosha. Fundi anayeanza kubonyeza vitufe kabla ya kujua kosa liko wapi huishia kurekebisha kosa moja kwa kuongeza jingine, na diski ya namna hiyo huonekana sawa kwenye runinga yake peke yake.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni duara. Tafuta katika video kitu cha duara kilichopigwa kutoka mbele kabisa, kama gurudumu la gari la bibi harusi likitazamwa ubavuni, saa ya ukutani au uso wa ngoma. Ikiwa hakuna, weka sahani mezani, ipige kwa kamera ileile ukiwa juu yake moja kwa moja, na uweke sekunde chache za picha hiyo mwanzoni mwa diski ya majaribio. Simamisha picha kwenye runinga, chukua rula, pima upana wa duara kisha kimo chake, na ugawanye upana kwa kimo. Jibu likiwa karibu na 1, hakuna kosa. Likiwa karibu na 1.33, picha ya 4:3 inaonyeshwa kana kwamba ni ya 16:9. Likiwa karibu na 0.75, picha ya 16:9 imelazimishwa kukaa katika 4:3. Likiwa karibu na 0.7, programu fulani imeipuuza alama kabisa na kuzichukua pikseli kama miraba. Tofauti ya asilimia mbili hivi isikusumbue. Hutokana na ubishi wa wataalamu kuhusu kama picha halisi ina upana wa pikseli 720 au 704 hivi, na hakuna mgeni wa harusi atakayeiona.

Anza uchunguzi kwenye runinga, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi na ndiyo inayosahaulika. Runinga nyingi bapa zina kitufe kwenye rimoti cha kubadilisha umbo la picha, na katika nyumba yenye watoto kitufe hicho hubonyezwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Weka diski halisi ya kiwandani ambayo unajua umbo lake. Nayo ikionekana vibaya, diski yako haina hatia. Baada ya hapo fungua menyu ya mipangilio ya deki, utafute sehemu ya aina ya runinga. Kwa kawaida kuna chaguo tatu: 16:9, 4:3 yenye mikanda myeusi, ambayo huandikwa LB au Letterbox, na 4:3 inayokata kando, ambayo huandikwa PS au Pan Scan. Deki nyingi za bei nafuu hutoka dukani zikiwa zimewekwa kwenye 4:3, na wengi huziunganisha na runinga bapa bila kugusa menyu hiyo. Dalili yake haifichiki: kuna mikanda myeusi juu na chini, na papo hapo watu wametanuka. Deki imeifinya picha pana ili iingie katika runinga ya zamani inayodhani iko mbele yake, kisha runinga ikatanua kila kitu ili kujaza kioo. Kinyume chake hutokea deki iliyowekwa 16:9 inapounganishwa na runinga yenye kichogo: picha hujaa kioo kizima na watu huwa wembamba. Waya wa njano wa picha, ambao bado unatumika sana, mara nyingi haufikishi kwenye runinga taarifa ya umbo la picha, kwa hiyo usitegemee runinga ijisahihishe yenyewe.

Ikiwa runinga na deki ni safi, rudi kwenye kompyuta. Programu ya MediaInfo, ambayo ni ya bure, ikifungua faili lako itakuonyesha upana na kimo kwa pikseli pamoja na uwiano wa kuonyeshwa, na mambo hayo mawili ndiyo unayoyahitaji. Ukitumia VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J ili uone maelezo ya picha. Herufi A ndani ya VLC hubadilisha umbo la picha kwa muda bila kugusa faili, hivyo unaweza kuibonyeza mpaka duara liwe duara na kujua uwiano wa kweli ni upi. Usichanganyikiwe, hata hivyo, pale diski inapoonekana vizuri kwenye kompyuta na vibaya kwenye deki. Alama ya uwiano imeandikwa mahali pawili katika DVD: ndani ya mkondo wa picha wenyewe (data ya video), na katika faili za IFO, zenye maelezo ya diski, zilizomo kwenye folda ya VIDEO_TS. Deki za mezani kwa kawaida hufuata IFO, ilhali programu za kompyuta mara nyingi husoma mkondo. Alama hizo mbili zisipolingana, kila mashine husema yake.

Kosa la alama peke yake ndilo lenye nafuu, kwa sababu halihitaji kusimba picha upya (kuigeuza tena kuwa data ya DVD), na ubora haupungui hata kidogo. Nakili folda ya VIDEO_TS kwenye diski kuu ya kompyuta. Ikiwa unatumia Windows, programu ya bure ya IfoEdit hufungua faili la VTS_01_0.IFO na kukuruhusu kubadilisha sehemu ya uwiano kutoka 4:3 hadi 16:9 au kinyume chake. Ikiwa bado una faili la MPG ulilolitengeneza kabla ya kuunda diski, ni safi zaidi kurekebisha alama iliyo ndani ya mkondo na kuunda diski upya. Programu ya ffmpeg, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri, hufanya kazi hiyo kwa amri moja:

ffmpeg -i mbaya.mpg -c copy -bsf:v mpeg2_metadata=display_aspect_ratio=16/9 -f dvd nzuri.mpg

Kazi kubwa zaidi ni pale picha yenyewe ilipoharibiwa umbo wakati wa kusimbwa. Hapo dawa ni kurudi kwenye video ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera au simu, na kuanza upya. Watu wengi hujaribu kuokoa faili lililokwisha kusimbwa mara mbili, lakini picha iliyobanwa, ikatanuliwa, kisha ikabanwa tena hupoteza ukali wa nyuso, na nyuso ndizo wanunuzi wanazozitafuta.

Kabla ya kusimba, hakikisha programu yoyote unayoitumia imewekwa kwenye PAL. Programu nyingi za kuunda DVD zilitengenezwa kwa kufikiria Marekani na hufunguka zikiwa kwenye NTSC, yaani pikseli 720 kwa 480 na karibu fremu 30 kwa sekunde. Diski ya namna hiyo itacheza kwenye deki nyingi za hapa, lakini mwendo wa picha iliyopigwa kwa fremu 25 utakuwa na mshtuko, na mistari 96 ya kimo itakuwa imetupwa bure.

Ikiwa video yako yote ni ya 16:9, kama zilivyo video za simu iliyolazwa na za karibu kamera zote za sasa, huna hesabu ya kufanya. Amri hii huibana picha katika gridi ya PAL, huweka alama sahihi, na huigeuza sauti kuwa ya DVD:

ffmpeg -i kwanjula.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 kwanjula.mpg

Kamera za HDV zinazorekodi pikseli 1440 kwa 1080, na zile za kanda ya DV zilizorekodi picha pana katika pikseli 720 kwa 576, nazo ni za 16:9 na hufuata amri hiyohiyo, ingawa hesabu ya pikseli inaweza kukudanganya ukadhani sivyo. Kwa kanda za VHS zilizoingizwa kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa amri uwe -aspect 4:3. Kwa mpangilio wa kawaida wa amri hii, diski ya gigabaiti 4.7 huchukua takriban dakika 90. Kwa sherehe ndefu zaidi, punguza kasi ya data kwa kuongeza -b:v 4000k badala ya kukata hotuba za wazee.

Ugumu huanza pale vyanzo vinapochanganyika, na katika kazi za familia huchanganyika karibu kila mara: sherehe imepigwa kwa kamera ya 16:9, mtu anataka mwanzoni iwekwe kanda ya harusi ya wazazi ya miaka ya tisini, na binti mmoja ameleta video alizopiga kwa simu iliyosimama wima. Unaweza kuziweka katika diski moja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutenganisha vipande katika seti tofauti za mada (titleset), kwa kuwa DVD huruhusu uwiano mmoja tu ndani ya kila seti. DVDStyler, programu ya bure, hukuwezesha kuunda seti zaidi ya moja na kuipa kila moja uwiano wake. Ni njia safi, lakini deki husita kidogo kutoka seti moja hadi nyingine, na runinga nyingine hubadilisha umbo la kioo mbele ya wageni. Mimi hupendelea njia ya pili: kuifanya diski yote kuwa ya 16:9, na kuweka picha zisizojaa katikati ya mikanda myeusi iliyochomwa ndani ya picha yenyewe.

Kwa kanda ya 4:3, picha inapaswa kuchukua pikseli 540 kati ya 720, na pikseli 90 nyeusi kila upande:

ffmpeg -i wazazi.avi -vf "scale=540:576,pad=720:576:90:0" -target pal-dvd -aspect 16:9 wazazi.mpg

Namba hiyo ya 540 ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu huhesabu kwamba picha ya 4:3 yenye kimo cha 576 ina upana wa 768, anaona haiingii katika 720, kisha anaipunguza kwa kukisia. Lakini 768 ni hesabu ya pikseli za mraba. Fremu nzima ya 16:9 kwa pikseli za mraba ni 1024, na 768 ni robo tatu ya 1024. Robo tatu ya 720 ni 540. Kanuni ni hiyo kwa picha yoyote: tafuta sehemu ya upana ambayo picha ingechukua katika fremu ya 1024, kisha chukua sehemu hiyohiyo ya 720.

Kwa video ya simu iliyosimama wima, yenye uwiano wa 9 kwa 16, upana ni 324 kati ya 1024, yaani pikseli 228 za gridi, na zinabaki 246 kila upande. Programu zinazojaza kioo kwa nguvu huitanua video ya namna hii zaidi ya mara tatu, na hiyo ndiyo asili ya zile picha ambazo bwana harusi anaonekana mpana kuliko gari lake. Kwa kuwa mikanda myeusi hapa huwa mikubwa mno, wengi huweka nyuma yake picha ileile ikiwa imetiwa ukungu:

ffmpeg -i wima.mp4 -filter_complex "[0:v]scale=720:576,boxblur=20[a];[0:v]scale=228:576[b];[a][b]overlay=246:0" -target pal-dvd -aspect 16:9 wima.mpg

Hapo mteja atauliza kwa nini kuna mikanda ilhali amenunua runinga kubwa. Ni swali la haki, na jibu lake ni kumwonyesha gharama ya kuiondoa. Njia pekee ya kujaza kioo bila kutanua watu ni kukata juu na chini, na kwa kanda ya 4:3 hiyo ni robo nzima ya kimo cha picha, yaani mistari 432 tu inabaki kati ya 576. Katika kwanjula hasara hiyo huangukia pabaya sana, kwa sababu waliosimama wakizungumza vichwa vyao viko juu kabisa ya fremu, na wanawake waliopiga magoti kusalimia wako chini kabisa. Ukiwaokoa hawa, unawakata wale. Ukimwonyesha mteja sekunde thelathini za namna zote mbili, mara nyingi huichagua mikanda mwenyewe.

Kuna mikanda, hata hivyo, isiyostahili kuvumiliwa: ile inayozunguka picha pande zote nne. Hutokea mradi wa uhariri unapowekwa 4:3 huku video ikiwa 16:9, programu ikaongeza mikanda juu na chini, kisha diski ikaundwa kwa 16:9 na mikanda mingine ikaongezwa kando. Dawa ya kweli ni kufungua mradi ule, kubadilisha mpangilio wake, na kutoa faili upya. Ikiwa mradi umepotea na limebaki faili la pikseli 720 kwa 576 lenye mikanda ya juu na chini, kata mikanda hiyo na uitanue picha kujaza gridi:

ffmpeg -i mikanda.mpg -vf "crop=720:432:0:72,scale=720:576" -target pal-dvd -aspect 16:9 safi.mpg

Picha itakuwa laini kidogo kuliko ya asili, lakini umbo litakuwa sahihi.

VCD, diski za video zilizotangulia DVD, ambazo bado zimo katika makabati ya nyumba nyingi, ni suala jingine. Picha yake ya PAL ni pikseli 352 kwa 288 na haina alama ya 16:9 hata kidogo. Video pana ikiwekwa humo lazima iwe na mikanda iliyochomwa ndani yake. Unapoihamisha VCD kwenda DVD, iache kwenye 4:3, kwa maana kanuni za DVD nazo haziruhusu alama ya 16:9 kwa picha ndogo kiasi hicho.

Wapo pia wanaotaka video kwenye flashi ya kuchomeka kwenye deki badala ya diski. Flashi haina IFO, na deki nyingi za zamani hupuuza alama iliyomo ndani ya faili. Kwa hiyo wape video ya pikseli za mraba, ambayo haihitaji alama yoyote: 720 kwa 404 kwa picha ya 16:9, ikiwa katika mfumo wa Xvid ambao deki hizo huusoma.

ffmpeg -i kwanjula.mp4 -vf scale=720:404 -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -c:a libmp3lame kwanjula.avi

Wakati wa kuchoma, tumia kwanza DVD-RW, ambayo inafutika, na uweke humo dakika mbili za kila kipande: kanda ya zamani, sherehe, na video ya simu. Itazame kwenye runinga bapa na kwenye runinga yenye kichogo, kwani nakala moja huenda itabaki Kampala na nyingine itapelekwa kijijini kwa bibi. Angalia pia maandishi uliyoyaweka kwenye picha, kwa sababu runinga za kichogo huficha sehemu ya kingo. Jina la bibi harusi lililoandikwa ukingoni kabisa litakatwa herufi. Pima duara kwa rula katika kila kipande. Yakikubali yote, tengeneza faili la ISO la diski nzima, kisha uchome nakala zote kutoka humo kwa ImgBurn au programu inayofanana nayo, kwa kasi ya wastani, kwenye kompyuta yenye betri inayoshika chaji, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya uchomaji diski ya DVD-R haifai tena kwa lolote. Lihifadhi faili hilo la ISO, na uandike uwiano katika jina lake, mfano kwanjula_pal_16x9.iso, ili jamaa mwingine akija baada ya mwaka kuomba nakala, uchome bila kufungua mradi wala kugusa mpangilio wowote.